Kalenda ya Paka wa Wifi

2 Agosti

Kaka yangu,

Haya, tuliishia wapi? Pale mteja alipotua mkoba kwenye kaunta akasema ana paka saba. Nikaitwa kufunga maboksi, nikakuacha kwenye mataa, barua nikaitia posta hivyo hivyo kichwa bila mkia. Sasa sikia. Paka saba, kaka! Nikamwuliza, mama, na mume yupo? Akasema yupo, yeye analala kwenye kochi. Nilicheka mpaka bosi akanikata jicho.

Shikamoo lakini. Nimeruka salamu kama mwizi anavyoruka ukuta. Huku hatujambo. Shemeji yako goti limetulia, ila kahamia kulalamikia mgongo. Binti yangu mkubwa kapata kazi kwenye duka la miwani, akanipima bure, akasema mama huoni vizuri. Nikamwambia ninachotaka kukiona nakiona. Wewe unakula? Usiniandikie "nakula". Niandikie umekula nini.

Sasa lililonileta. Hapa dukani kazi yetu ni paka, unajua. Postikadi za paka, kalenda za paka, karatasi za kufungia zawadi zenye nyayo za paka. Mimi niko chumba cha nyuma, nakata, natoboa, natia waya. Watu wanakuja kununua zawadi ya mama mkwe, ya mwalimu, ya jirani anayehama. Mpenda paka hana shida kwenye zawadi, kaka. Unampa paka mwingine wa karatasi, basi, anashika kifua utadhani umempa nyumba. Na kila mwaka bosi anatoa kalenda moja kubwa ya ukutani, paka kumi na wawili, kila mwezi na wake. Mwaka huu mchoraji kamkimbia, kaenda kuchora mabango ya sabuni.

Sasa kwenye ukuta pale ninapokaa nimebandika barua za wifi. Wewe unazijua, si ulikuwa unaziandika mwenyewe? Yeye anasema, wewe unaandika, halafu mwisho, pale pa kutia jina, kwa kuwa kuandika hakujua, anachora paka wenu Karani. Ndiyo ilikuwa saini yake. Miaka yote nikisoma nauona mwandiko wako, maneno yake, lakini nikifika kwa paka nasema haya, huyu sasa ndiye wifi mwenyewe, huu ndio mkono wake. Nyingi zililowa paa lilipovuja. Zimebaki kumi na moja.

Juzi bosi kaja kutafuta mkasi. Kasimama mbele ya ule ukuta, mkasi kausahau. "Nani kachora hawa?" Nikamwambia ni wifi yangu, katutoka mwezi wa nne. Akavua miwani akavaa ile nyingine, halafu akasema, "Kalenda yangu si hii hapa?"

Anataka ruhusa yako kwa maandishi, na saini. Bila hiyo hachapi. Tia saini kaka. Mimi wifi sikumuaga vizuri, unajua. Kaumwa wiki mbili tu, napata habari nafunga mzigo, nafika mnarudi makaburini na viatu vya udongo. Nataka akae kwenye kuta za watu mwaka mzima na jina lake chini. Hilo ndilo ninaloweza kumfanyia, sina lingine.

Andika, usipige simu. Ukipiga unasema "ee" mara tatu unakata.

Dada yako, Redio (jina ulinipa mwenyewe)

19 Agosti

Mdogo wangu Redio,

Marahaba. Mimi mzima. Jana nilikula viazi na maharage. Leo viazi.

Mizani ya bucha la kona imeletwa tena niitengeneze. Ukiweka kilo inasoma kilo na robo. Mwenyewe anasema hajui kwa nini. Nimeifungua nikakuta kipande cha bati kimegandishwa chini ya sahani. Nimekibandua, nimemwekea mezani. Amekitia mfukoni akaondoka.

Karani alipigana Jumapili na paka wa nyumba ya pili. Amerudi sikio la kushoto halina ncha. Nimemwosha kwa maji ya chumvi, akanikwaruza mkono. Kidonda kinafunga ila ncha haitaota.

Paa la jikoni nimelipaka lami. Mwambie shemeji mgongo unataka ubao, siyo godoro.

Habari ya kalenda nimeisoma.

Kaka yako

25 Agosti

Kaka,

Umeisoma. Umeisoma halafu? Mtu akikukaribisha chakula unamjibu "sahani nimeiona"?

Shikamoo. Pole na mkono, na mpe pole Karani. Shemeji yako kasikia habari ya ubao, kang'oa mlango wa kabati kaulalia. Sasa nguo zetu zinatazamana na wageni.

Ngoja nikwambie kwa nini nakusumbua. Jana kaja mama mmoja mtu mzima, kachukua postikadi nane, zote paka mweusi. Nikamwuliza, mama, marafiki wote nane wanapenda mweusi? Akasema hapana, rafiki ni mmoja. Kahamia kwenye nyumba ya kupanga ambayo paka haruhusiwi, ilibidi amgawe. Basi huyu mama atampelekea mmoja kila mwezi, paka wake arudi nyumbani kidogo kidogo kwa mlango wa posta. Nilienda nyuma nikajifanya natafuta gundi, na gundi ninayo mkononi.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kaka. Si karatasi tu.

Na ungewaona hao kumi na moja wamepangwa mezani! Yuko Karani kalala ndani ya sahani ya mizani yako. Yuko Karani anamtazama nzi. Yuko yule anayenyoosha mgongo mpaka anaonekana kama daraja. Bosi kawapanga kwa tarehe za barua, akasema wifi alikuwa anazidi kuiva kila mwaka. Wale wa mwanzo wamekaa kiutani utani, wamechorwa haraka. Hawa wa nyuma, unaona kila unywele. Kahesabu masharubu, bosi yule, kwa ncha ya kalamu: sita huku, sita huku. Akasema mtu aliyechora hivi alikuwa hana haraka ya kwenda popote.

Shida ni miezi iko kumi na miwili. Desemba haina paka. Tafuta humo ndani, kaka, kwenye madroo, chini ya godoro, hawezi kuwa hajaacha hata mmoja. Na tia saini. Bosi kanipa mpaka tarehe kumi mwezi wa kumi, baada ya hapo mashine inapelekwa kwenye kazi nyingine na yeye atatumia picha za kamera, paka kama wale wa kwenye boksi za kiberiti, wamevalishwa kofia.

Dada yako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu zako nimepata. Huku mvua imeanza. Fundi mwenzangu wa saa amefunga duka, macho yamemwishia, kwa hiyo saa zake na mimi ninaletewa, ingawa sizijui sana. Nimekula wali na mayai.

Kuhusu lile jambo, liache. Marehemu hakuchora ili atundikwe kwenye kuta za watu asiowajua. Alikuandikia wewe.

Tena nakuomba unirudishie hizo barua kumi na moja. Zifunge vizuri, mvua isiziingie.

Kaka yako

20 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mlango wa kabati umerudi mahali pake, binti kapimisha macho mtaa mzima, sasa kila mtu ana miwani na hakuna anayeivaa.

Barua sirudishi.

Usikunje uso, nisikilize kwanza. Nimeiweka barua yako mezani siku nne nikaizunguka. Nikasema, huyu ni kaka yangu, mtu aliyenifundisha kuvuka barabara, na mimi sijawahi kumkatalia kitu isipokuwa kunyamaza. Lakini hili siwezi. Wewe unayo nyumba nzima ya wifi. Una kiti chake, una kanga zake kwenye kabati, una Karani, una pale alipokuwa anakaa akikusemea barua. Mimi nina nini? Sauti yake inanipotea, nikwambie ukweli. Juzi nilikuwa natia waya nikajaribu kuisikia anavyosema "wifi we!", ikaja sauti ya mtangazaji wa habari. Nilishtuka mpaka nikajitoboa kidole.

Mimi nina paka kumi na moja. Mkono wake ni huo tu. Ukiuchukua huo sina tena pa kumshika.

Kama hutaki kalenda, basi isiwepo. Nitamwambia bosi, nitakula matusi yake, yataisha. Lakini niambie kwa nini. Nimekosa nini? Ni kwa kuwa nilichelewa mazishi? Wiki mbili, kaka, mngenipigia hata siku ya kwanza ningekuja kwa miguu.

Au una jambo. Una jambo, kaka? Wewe ukiwa na jambo unaandika habari za mvua.

Dada yako

2 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimetia saini. Karatasi ya ruhusa iko ndani.

Imo pia picha ya Desemba. Nimeikuta kwenye droo ya meza.

Jina liandikwe la mke wangu peke yake. Lisiandikwe lingine popote.

Mvua inaendelea.

Kaka yako

9 Oktoba

Kaka,

Barua yako imefika asubuhi. Niliifungulia pale pale mashineni, nikapiga kigelegele mpaka fundi wa mashine akazima umeme akidhani nimekatika mkono. Bosi kaja mbio. Nikainua picha juu, tukacheza.

Halafu wenzangu wakarudi kazini, mimi nikabaki nayo.

Karani kakaa dirishani, mvua nje. Masharubu sita huku, sita huku. Sikio la kulia zima. La kushoto halina ncha.

Wifi katutoka mwezi wa nne. Sikio limekatika mwezi wa nane, umeniandikia mwenyewe, na maji ya chumvi, na kukwaruzwa.

Sijamwambia mtu. Picha bosi anayo, mashine inaanza wiki ijayo. Niandikie.

Dada yako

17 Oktoba

Mdogo wangu,

Kaa chini ndipo usome.

Mke wangu hakuumwa wiki mbili. Aliumwa miaka minne. Ulianza mkono wa kulia kutetemeka, akiinua kikombe chai inamwagika. Baadaye ukaja mguu. Hospitali walitupa jina la ugonjwa na vidonge vya kuutuliza, wakasema hauponi. Akaniambia tukitoka getini, "Hili ni letu wawili."

Akatafuta sababu za kutotoka. Wageni wakija anakaa kitini, mkono kaukalia. Ulipokuja harusi ya jirani mwaka ule, ulimkuta amekaa siku tatu, ukasema wifi siku hizi umekuwa malkia. Alicheka sana ulipoondoka. Halafu hakucheka.

Siku moja tuliandika barua yako, tukafika mwisho. Nikampa penseli. Akajaribu. Alichora mistari kama ya mtu aliye kwenye lori. Akajaribu tena. Akatupa penseli, ikaingia chini ya kabati, Karani akaifuata. Nikasema tuitume bila paka. Akasema, "Thubutu. Wifi akiona hakuna paka atauliza, na akiuliza ataambiwa, na akiambiwa kesho mji mzima unakuja na nyuso za msiba wakati mimi bado nakula." Akasema, "Chora wewe."

Mimi nimechora nini maishani mwangu? Namba kwenye mawe ya mizani. Mchoro wangu wa kwanza wa paka ulichukua siku tatu. Aliuangalia akasema, "Huyu mbuzi ni wa nani?" Akacheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumpa maji. Kuanzia hapo kila barua alikaa pembeni yangu akinielekeza. "Tumbo si debe, lizungushe." "Mkia huo ni wa ufagio." "Usimfanye mkali, Karani hana ukali, ana dharau tu." Nilihesabu masharubu ya Karani kwa kumshika kichwa. Ilikuwa kazi yetu ya Jumamosi.

Kwa hiyo katika hao kumi na moja, wanne ni wake. Saba ni wangu. Nimeghushi saini ya mke wangu mara saba, mimi ambaye nagonga mihuri ya mizani kuthibitisha kwamba kilo ni kilo. Ndiyo maana nilitaka unirudishie. Halafu ukaniandikia kwamba huo ndio mkono wake, na huna pengine pa kumshika. Nikaona heri nikuachie.

Desemba nilikaa kuchora kwa ajili yako. Nilichora sikio zima. Nikafuta. Nikachora tena zima, nikafuta, karatasi ikatoboka. Nikachukua nyingine. Paka mwenyewe amekaa mbele yangu hana ncha. Sikuweza.

Jambo la mwisho nililoficha ni hili, na ni bora ulisikie kwangu. Alikupenda kuliko ndugu zake. Lakini alisema mara nyingi, "Wifi angekuwa na mlango mdomoni, ningemwambia yeye kwanza kabla hata ya kukwambia wewe." Mimi ningeweza kumshawishi akwambie. Sikumshawishi.

Fanya unavyoona. Ukiandika jina langu kwenye kalenda watu watauliza kwa nini wachoraji ni wawili, na jibu ni lile ambalo hakutaka litoke nje. Ukiandika lake peke yake, ni uongo. Nimeshindwa kuupima.

Kaka yako

12 Novemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Wiki nne hujanisikia. Usidhani posta wamelala. Ni mimi. Nilikuwa naanza barua nachana, naanza nachana, bosi akaniuliza kama nimeanzisha biashara ya vipande.

Nilikasirika, kaka. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Siku tatu sikusema kitu nyumbani. Shemeji yako kaona hivyo kaenda kuninunulia dawa ya jino. Nikaimeza, ningefanyaje, ningesema nini? Binti akaja akanimulika macho. Jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Ndiyo nikajua jinsi nilivyo, kaka. Mtu akinyamaza siku tatu watu wanaleta viti.

Nikakaa nikajiuliza. Hivi wifi angeniambia siku ile ya hospitali, ningefanya nini? Nisikudanganye, wewe hukunidanganya. Ningesema. Ningemwambia jirani wa kulia, kwa huruma tu, kwamba wifi yangu anaumwa, niombeeni. Jirani wa kulia angemwambia wa kushoto. Kabla chai ya saa nne haijapoa wangejua watatu, na kufika Ijumaa mngepokea mgeni ameshika maua. Wifi alinijua. Alinipima sawasawa, alikuwa fundi kukushinda wewe.

Lakini ningekuja.

Hilo nalo ulitie kwenye sahani yako. Ningesema, na ningekuja, na ningemwinulia kikombe. Ningemwita malkia nikijua kwa nini amekaa. Nimelia juu ya neno hilo moja kuliko msiba wote.

Basi. Nimelisema, na silisemi tena.

Sasa kalenda. Siku mashine inaanza bosi kaniita, kanionyesha Desemba. "Hili sikio vipi? Miezi yote anayo mawili mazima." Kaka, ulimi uliniwasha kama nimekula pilipili. Habari nzima ilikuwa hapa, mlangoni, imevaa viatu. Nikasema, "Paka wanapigana, bosi." Akasema, "Kumbe." Akaendelea na wino. Ni hivyo tu! Sikujua kunyamaza ni rahisi hivyo na kunauma hivyo.

Jina nimeandikisha la wifi peke yake, lile kamili. Sikulipima kitandani, nililipima mchana kazini, kati ya kutoboa na kutoboa. Ukasema ni uongo. Mimi naona hivi: nani alikuwa anasema tumbo si debe? Nani kakataa mkia wa ufagio? Wewe ulikuwa unaandika maneno yake miaka yote na hatukusema barua ni zako. Sasa akahitaji umshikie na penseli. Mimi nimeridhika. Kama haijatimia kilo, imepungua kidogo sana, na mwenye bucha ni mimi, lawama zije kwangu.

Kabla hawajaenda mashineni niliwachukua hao kumi na moja nikawatenga, wake huku, wako huku. Wake nikawajua mara moja. Mmoja ana masharubu matatu upande mmoja na manane upande wa pili, anachekesha huyo! Nikawatazama vile walivyo mbali mbali mezani, nikaona nawatenganisha watu waliozoea kukaa pamoja. Nikawachanganya tena.

Zimetoka wiki iliyopita. Nimetia waya mia nne kwa mkono wangu, moja nakutumia pamoja na barua hii. Na zinaondoka, kaka. Kuna mzee mmoja kanunua tatu, za mabinti zake, wote wamerithi ugonjwa wa paka kwa mama yao. Kuna dada mmoja kampelekea mchumba wake ambaye paka wanampigisha chafya, anasema ndio paka pekee atakaoweza kuishi nao. Halafu Jumatatu kaja muuguzi mstaafu, mteja wetu wa siku zote, kaifungua kurasa moja moja pale kaunta. Kafika Mei, kasimama. Karudi Aprili. Kaenda Mei tena. Akasema, "Huyu mama kuanzia hapa kabadilika. Huku mbele alikuwa anacheza. Huku nyuma alikuwa anamtunza mtu."

Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya kufungia. Nikaifunga kwenye kidole changu mpaka kikawa cheupe.

"Alikuwa mgonjwa?" akaniuliza. Muuguzi huyo, kaka, macho yao hayatoki kazini.

Nikasema, "Mimi nafunga kalenda tu, mama. Nikufungie ngapi?"

Sijui kama hiyo ni kweli au si kweli, lakini wifi angenipigia makofi. Shemeji yako hajui. Binti hajui. Bosi hajui. Tunajua wewe, mimi na huyo Karani asiye na ncha. Hili ni letu watatu sasa, nimejiingiza bila kualikwa, mnivumilie.

Na nina ombi moja. Barua zako ni kavu, unatia "kaka yako" unaondoka. Nataka kuanzia sasa unichoree paka pale chini. Si wa wifi, wake ninao. Wako, kwa jina lako, hata akiwa mbuzi. Nitambandika mahali ambapo anaonekana na mimi tu, ndani ya mlango wa kabati, na nikiulizwa

Bosi ananiita. Yule muuguzi karudi. Yuko na mwenzake, wameweka kalenda kaunta imefunguliwa Mei, na bosi anasema kwa sauti duka zima lisikie, "Mngojeni huyu, yeye ndiye anayeijua habari yote!" Naenda kaka. Naifunga hii bahasha kwanza, halafu mdomo, halafu naenda.